Ukuta Tuliouvunja Likoni

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, tumekaa watu watatu mbele ya meza ya wakili kule mjini, ng'ambo ya kivuko, feni yazunguka polepole juu ya vichwa vyetu, naye wakili atusomea mkataba wa nyumba. Alikuwa akisoma kipande kwa Kiingereza, kisha anavua miwani na kukifasiri kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Upande mmoja alikaa Mzee Swaleh, mwenye nyumba. Upande wa pili alikaa Sista Rehema, mkunga, ndiye mpangaji. Mimi nilikaa nyuma yao, msichana wa miaka ishirini na kitu, muuguzi ambaye sare yake bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Nilikuwa nimeletwa niwe shahidi.

Alipofika kwenye kifungu cha kugeuza jengo, wakili akapunguza mwendo. Akasema mpangaji ana ruhusa ya kupaka rangi, kubadilisha vitasa, kupigilia rafu ukutani. Lakini kazi ya kugeuza jengo ikipita shilingi elfu hamsini, haifanywi mpaka mwenye nyumba akubali kwa maandishi. Na ukuta unaobeba nyumba hauguswi kabisa bila idhini hiyo, hata kama kazi yenyewe ni ya bure. Kisha akamgeukia Mzee Swaleh. "Mzee, la rehani lieleze mwenyewe."

Mzee Swaleh alikuwa mtu wa Jomvu Kuu kwa asili, wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kimejaa kama kisima cha masika. Akasema, "Bi Rehema, sikufichi. Nyumba hii iko rehani benki. Pesa zao ndizo nilizomalizia orofa ya juu ninayoishi. Na benki wamenifunga mikono kwa kamba iyo hiyo. Mimi niliyechimba msingi, siwezi kuangusha ukuta wangu pasi na kuwauliza. Basi nikikupa wewe ruhusa nao hawajanipa, nitakuwa nimekupa kitu nisichokuwa nacho."

"Mzee, sisi twataka kuzalisha watoto, hatutaki kuvunja nyumba," Rehema akajibu, akacheka. Sote tukacheka, hata wakili. Rehema akatia sahihi.

Hivyo asije mtu akakwambia tulidanganywa. Wako watu wanaoumizwa na hila, na hao wana angalau wa kumlaani. Sisi hatuna. Kila kitu tuliambiwa mchana kweupe, kwa lugha ya mama zetu, tukiwa na akili timamu. Nakueleza haya kwa sababu nimesikia umepata nyumba Changamwe, pazuri, karibu na barabara, unataka kufungua shule ya watoto wadogo, na kwamba hata kabla ya kupewa ufunguo umeshamwita fundi apime ukuta upi utoke. Nilipoambiwa, moyo ulinishuka. Kaa hapa kidogo unisikize.

Kwanza nikujulishe Rehema. Alikuwa Mdigo wa Likoni, mrefu, mwenye mikono mikubwa ambayo ungedhani ni ya mwanamume mpaka uione ikipokea kichanga. Alikuwa amezalisha katika hospitali ya serikali kwa miaka mingi, na kila siku alivuka na kivuko kwenda na kurudi. Katika foleni ile, mwanangu, aliona mambo. Wanawake wa Mtongwe na Shika Adabu wakishikwa na uchungu iliwabidi wavuke maji ndipo wafike kwa daktari, na maji hayamwonei mtu imani. Rehema alizalisha watoto juu ya gunia, nyuma ya mkokoteni wa mahamri, kwenye kiti cha gari la mtu asiyemjua. Wengine waliishi. Alipofika umri wa kustaafu mapema, alichukua kiinua mgongo chake chote na kusema, "Kadzo, mimi sitaki shamba wala ng'ombe. Nataka zahanati ya uzazi upande huu wa maji." Akaniomba nimfuate. Mimi Mrabai, binti wa mkulima, nilikuwa sijapata kazi ya kudumu, na nilimpenda kama dada. Nikamfuata.

Nyumba ya Mzee Swaleh ilikuwa imechepuka kidogo kutoka barabara ya Mtongwe. Yeye na mkewe, Bi Zuhura, waliishi juu, sisi tukachukua chini. Vyumba vinne na ujia mwembamba katikati, wenye kona kabla ya mlango wa mbele. Tulipaka rangi, tukatundika mapazia, tukaanza. Watu walikuja, mwanangu. Walikuja kwa miguu na kwa baiskeli. Walilipa walichonacho, na asiyekuwa nacho alileta kuku, au alileta shukrani tu. Bi Zuhura alikuwa akisikia mtoto analia chini, anapiga vigelegele kutoka dirishani, na jioni anashuka na uji wa pilipili manga kwa ajili ya mzazi. Siku zile zilikuwa nzuri. Sijapata nyingine kama hizo, na sitegemei.

Taabu ilikuwa ile kona. Machela yetu haikuweza kuipinda. Hatukulijua hilo mpaka siku alipoletwa Mbeyu, mke wa kuli wa bandarini. Alijifungua salama adhuhuri, kisha damu ikakataa kusimama. Gari lilikuwa nje tayari kumvusha. Tukamlaza kwenye machela, tukasukuma, tukafika konani, ikakwama. Tukairudisha nyuma, tukaijaribu kwa kuiinua, ikakwama. Mwisho tulimtoa Mbeyu machelani, tukamfunga kwa leso mbili na kumbeba kama gunia, Rehema kichwani, mimi miguuni, damu ikitiririka hadi viatuni mwangu. Aliponea chupuchupu. Lakini Rehema aliporudi alikaa kwenye sakafu ya ujia, akaiegemea ile kona kwa mgongo.

"Ukuta huu utoke," akasema hatimaye.

Na kama kwamba majaliwa yalikuwa yakimsikiza, wakaguzi wa afya walikuja baadaye, wakapima mlango, wakapima ujia, wakaandika kwamba machela lazima ipite, la sivyo leseni haitapewa upya. Sasa tazama, mwanangu, mtu alivyobanwa. Sheria moja yasema panua, mkataba wasema usipanue. Ukisimama katikati ya mawe mawili ya kusagia, wewe ndiwe nafaka.

Nisimwonee marehemu: Rehema alianza kwa njia ya haki. Alipanda ngazi akamwambia Mzee Swaleh, naye Mzee akasema, "Kwangu mimi sina neno. Nitawaandikia benki." Akaandika. Tukangoja. Jibu lilipokuja likasema wanataka michoro ya mhandisi mwenye kibali, na idhini ya baraza la mji, na mthamini aje aipime nyumba, na gharama zote hizo ni juu yetu. Tulipomuuliza mhandisi bei ya michoro tu, tuliona inazidi bei ya kuvunja na kujenga. Rehema akaiweka ile barua mezani. Akasema, "Kadzo, ruhusa ya kuvunja ukuta ni ghali kuliko ukuta."

Mzee Swaleh alimwambia avumilie, kwamba labda mwakani angeweza kuchangia. "Subira huvuta heri, mwanangu." Naye Rehema akamjibu kwa heshima, lakini jicho lake lilikuwa kali: "Mzee, mimi kazi yangu ni uzazi. Kwetu ngoja ngoja huumiza matumbo, na si kwa mfano."

Hapo ndipo alipopata ile hila, na aliiona si hila. Alisema mkataba unakataza kazi ya kupita elfu hamsini. Basi hatutafanya kazi ya kupita elfu hamsini. Tutafanya kazi ndogondogo. Mwezi huu twapanua mlango wa mbele. Mwezi ujao twaweka sinki na vigae katika chumba cha kuzalia. Kisha mteremko wa saruji pale nje. Kila moja peke yake, kila moja chini ya mpaka. Mimi nilisikia nikaona ni busara. Nilimletea hata fundi, jamaa yetu wa Kisauni, mtu mwepesi wa bei.

Mzee Swaleh aliuona mlango ukipanuka, akanyamaza. Aliona vigae, akanyamaza. Siku aliyoona fundi akipiga mteremko alishuka, bakora mkononi, akamwita Rehema nje, nami nikasimama mlangoni nasikia.

"Rehema, hesabu hii yako wahesabu na nani?"

"Mzee, kila kazi iko chini ya kiwango. Mimi sijakiuka."

"Mkataba hauhesabu miezi, mwanangu. Wahesabu nyumba. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba kikishajaa hakuna anayeuliza kilijazwa na kijiko gani." Akapumua. "Haya ya mlango na vigae nitayabeba, kwa kuwa najua wayafanya kwa nini. Lakini ukuta wa konani, wallahi, usiuguse. Ule ndio ulionibebea chumba ninacholala."

"Nimekusikia, baba," Rehema akasema.

Alisikia. Lakini kusikia na kutii ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali.

Haukupita muda mrefu Mzee Swaleh akaugua macho, akaenda kupasuliwa, kisha akawekwa kwa binti yake Jomvu Kuu mpaka apone. Wakaguzi walikuwa wametuma habari kwamba watarudi. Rehema alinywa chai asubuhi moja bila kukaa. Akaniambia, "Kadzo, mwite fundi." Nikamwita.

Nyundo ilipoanza, Bi Zuhura alishuka, mtandio umemteleza mabegani, vumbi limemjaa usoni. "Rehema! Mwenyewe hayupo!"

"Bi Zuhura, akirudi nitamwambia mwenyewe. Atanielewa. Yuwajua ni kwa ajili ya nini."

"Kukuelewa atakuelewa," Bi Zuhura akasema. "Je, hao benki?"

Rehema akamwashiria fundi aendelee. Kelele za nyundo zilimjibia.

Fundi aliweka boriti ya zege juu ya pengo, akatuhakikishia kuwa itabeba. Na siku ile, mwanangu, sitakudanganya, tulikuwa na furaha. Rehema aliisukuma machela kutoka chumba cha kuzalia hadi mlangoni, akairudisha, akaisukuma tena, anacheka peke yake kama mtoto aliyepewa gari la mabati. Wakaguzi walikuja, wakapita, wakatia sahihi yao. Leseni ikatoka.

Mzee Swaleh alirudi na kitambaa juu ya jicho moja. Aliingia, akasimama pale palipokuwa na kona, akanyosha mkono kama anayetafuta ukuta gizani, mkono ukakuta hewa. Hakupandisha sauti. Sijawahi kusikia karipio lililosemwa kwa upole namna ile, na mpaka leo nikilikumbuka naona haya. Alisema, "Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umevunja ukuta, ukaniachia ufa." Akatuongoza juu, akatuonyesha. Juu ya kitanda chao, kutoka pembe ya dari, mstari ulikuwa umeshuka, mwembamba, kama unywele uliobandikwa kwenye chokaa.

Rehema alipiga magoti. Mzee akamwinua.

Sasa hapa ndipo ninapotaka ufungue masikio. Mzee Swaleh angeweza kwenda benki siku ile ile akasema, mpangaji wangu amekiuka, nifanyeje. Pengine wangemsikia. Hakwenda. Alituonea imani. Alituona tukipokea watoto chini ya chumba chake, akaona akienda kusema tutafungiwa, akanyamaza. Aliificha aibu yetu, nayo ikageuka yake. Tulimshukuru kwa machozi. Laiti tungemsukuma aende. Huruma nayo ina mwenyewe wa kuilipia, na mara nyingi si yule aliyeonewa huruma.

Mwaka uliofuata duka lake la vitambaa mjini likalegea. Akawa anachelewa kuwalipa benki, akaenda kuwaomba wamrefushie muda. Walikuwa wako tayari, lakini wakasema lazima kwanza mthamini aje aione nyumba, ndio utaratibu. Mthamini akaja na tochi yake na utepe wa kupimia. Alipofika kwenye ujia akasimama, akatazama juu, akatazama mchoro wa zamani mkononi mwake. Akamuuliza Mzee Swaleh, "Ukuta uliokuwa hapa uko wapi?" Mzee akakosa la kusema. Mwongo angepata neno. Yeye hakuwa mwongo, alikuwa amenyamaza tu, na mtu aliyenyamaza akiulizwa hana pa kushika.

Tulikwenda benki watatu. Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mpole, alimwamkia Mzee shikamoo, akatuletea maji. Rehema alizungumza kwa muda mrefu. Alimweleza habari za foleni, za Mbeyu, za machela. Kijana alisikiza yote, hakumkatiza. Kisha akasema, "Mama, mimi siwezi kubishana na uliyoyasema. Lakini nyumba hii ndiyo dhamana yetu, na imeguswa nguzo yake bila sisi kujua. Masharti yasema irudishwe ilivyokuwa, na mhandisi athibitishe, ndani ya muda tutakaowapa. La sivyo mkopo wote wadaiwa kwa mkupuo."

"Mwanangu," Mzee Swaleh akamwambia, "nikiurudisha ukuta hawa wanafunga. Nisipourudisha nafunga mimi."

Kijana akaangalia meza. "Najua, Mzee."

Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kukwambia alikuwa mtu mbaya.

Rehema alisema turudishe ukuta, zahanati ife lakini nyumba ya Mzee isipotee. Basi akamwita mhandisi, yule ambaye hatukuweza kumlipia michoro mwanzo. Mhandisi alikwenda juu, akashuka, akapasua sakafu kidogo, akatwambia kwamba kurudisha ukuta pekee hakutoshi tena. Uzito ulikuwa umeshahama, boriti ya fundi wetu ilikuwa imeinama, na sakafu ya juu ilitaka kushikiliwa na kufanywa upya. Bei aliyoitaja sitaitaja hapa. Nitakwambia tu kwamba Rehema aliuza vitanda, akauza machela, akauza kiwanja alichorithi kwa babake Shika Adabu, na mimi nilirudi Rabai nikamwomba baba auze ng'ombe, akauza. Pesa hazikufika hata nusu. Maji yakimwagika hayazoleki, na sisi tulikuwa tukiyazoa kwa viganja.

Nyumba ikapigwa mnada. Mnunuzi alikuwa mtu wa vifaa vya ujenzi. Yeye aliomba vibali vyake, akaleta wahandisi wake, akavunja kuta zote za chini akafanya ghala moja kubwa. Pesa alikuwa nazo, na mwenye pesa hata kungoja kwake ni kwepesi.

Siku ya kuhama Bi Zuhura alifagia vyumba vyote vya juu. Nilimwambia, "Mama, wafagia ya nini, si yenu tena." Akasema, "Sijazoea kuacha nyumba chafu." Walikwenda Jomvu Kuu kwa binti yao, chumba kimoja wakae watu wazima wawili waliozoea orofa. Rehema aliwafuata baadaye kuomba radhi. Nilikuwa naye. Mzee Swaleh alikuwa ameketi barazani, jicho lile lililopasuliwa limeingia ukungu tena. Alimjua kwa sauti.

"Nimekusamehe, Rehema," alisema. "Wallahi nimekusamehe, mbele ya Mungu sina deni nawe. Ila nakuomba usije tena. Nikikusikia, naiona nyumba."

Tukarudi Likoni. Hatukumwona tena. Alifariki kabla ya mfungo uliofuata, na Bi Zuhura hakukaa sana nyuma yake.

Ungedhani yangeishia hapo. Siku tulipofunga zahanati, alikuwapo mwanamke mmoja aliyekuwa akija kupimwa kwetu, Mariamu, muuza mbaazi wa Shika Adabu, mimba yake ya kwanza, mtu wa kicheko. Tulimwambia uchungu ukianza asingoje, avuke mapema. Akasema sawa, inshallah. Lakini uchungu wa kwanza haumjui mtu. Alinitumia mtu mchana, nilipofika tayari alikuwa amechelewa. Tukapata gari la jirani. Tukafika kivukoni tukakuta foleni imerudi hadi juu mlimani, jua la saa tisa, magari yamezima injini. Nilishuka nikakimbia hadi mbele nikiomba njia, na watu walitupa njia, usidhani hawakutupa, kila gari lilisogea. Lakini chombo kilikuwa bado ng'ambo. Mariamu alishika mkono wangu akaniuliza, "Sista, kwani pale kwenu mmefunga kabisa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Pangekuwa karibu." Hilo ndilo neno la mwisho nililolielewa kutoka kwake. Tulivuka naye, yeye na mtoto wake, wote wawili hawamo tena duniani.

Nilimwambia Rehema mwenyewe. Sikuona sababu ya kumficha, angesikia. Tangu siku hiyo hakushika tena mkono wa mzazi. Watu walikuja kumgongea, maana walijua mikono yake, naye alijibu kutoka ndani kwamba Rehema hayupo. Alikuwa akiuza barafu na ubuyu mlangoni kwa nduguye. Alikufa akiwa na umri mdogo kuliko huu nilio nao leo, na ugonjwa waliouandika kwenye cheti mimi siuamini.

Mwanangu, watu hutaraji mzee akisimulia amalize kwa faraja. Sina. Nimeigeuza habari hii miaka yote hii, kama mtu anayepekua mfuko mtupu. Kama Rehema angengoja, huenda Mbeyu mwingine angemwaga damu pale konani. Hakungoja, akafa Mariamu. Benki walilinda chao, wakaguzi walilinda wagonjwa, Mzee alitulinda sisi, Rehema aliwalinda wazazi. Kila mtu alikuwa na haki mkononi, na mwisho wake ni ghala la saruji. Wahenga walisema wema hauozi. Siwabishii wahenga, ila mimi nimeuona ukioza.

Lakini kwa kuwa wewe bado hujatia sahihi, nina la kukupa, nalo ni hili tu. Usipange nyumba kwa sababu ya vile itakavyokuwa ukishaivunja. Ipange kwa jinsi ilivyo leo. Simama ndani yake na watoto wako wa shule akilini, uone kama watatosha, kama mlango wafaa, kama choo chafaa. Ikiwa haitoshi pasi na ukuta kutoka, basi hiyo si nyumba yako, hata kama barabara ni nzuri na kodi ni rahisi na mwenyewe ni mtu wa dini. Nguo ya kuazima haistiri matako, na ukijaribu kuishona upya waipasua.

Na ukiipenda sana usiweze kuiacha, uliza kabla ya kalamu kugusa karatasi. Uliza mpaka wa gharama ni kiasi gani, na kama ni wa kila kazi au wa kazi zote kwa jumla. Uliza kama nyumba ina rehani, na masharti ya mkopeshaji yasemaje kuhusu kuta, kwa sababu ulimi wa mwenye nyumba waweza kukubali na mkono wake ukawa umefungwa kwengine. Michoro na vibali vihesabu ndani ya gharama, si nje. Ruhusa iwe ya maandishi, ya mwenye nyumba na ya mkopeshaji pia, nayo itangulie nyundo. Ukishakosea, usikubali mtu akufichie kwa wema. Nenda ukaseme siku iyo hiyo, hata kama utafungiwa, ufungiwe wewe peke yako.

Wala usijidanganye kwamba nia njema itahesabiwa. Sisi tulikuwa na nia njema kushinda watu wote wa Likoni. Haikushikilia dari.

Mrudishie fundi wako ahadi yake leo, mwambie bado. Halafu nenda katazame nyumba nyingine, na nyingine. Wala usione haya kurudi mikono mitupu, mimi nitakupikia chakula urudipo. Mungu akutangulie katika kila mlango utakaobisha. Ukikataliwa, akupe miguu ya kuendelea mbele, na pale atakapokufungulia, na pawe pakubwa vya kutosha kwa watoto wako wote, wala pasimgharimu mtu mwengine paa lake. Amina.